Sindano za Sikioni na Kuacha Sigara: Tunabishania Kitu Ambacho Sicho

Julai 2024 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa mwongozo wake wa kwanza wa matibabu ya kuacha tumbaku kwa watu wazima, na tangu hapo kuna mabishano hayaishi kuhusu tiba ya sindano za Kichina, yani akupancha, na mimi naona pande zote mbili zimeusoma mwongozo ule zikitafuta cha kushangilia tu. Mwongozo unazitaja dawa kwa majina: vareniklini, nikotini mbadala (bandiko la ngozi, chingamu na kadhalika), bupropioni na sitisini. Unataja ushauri, wa ana kwa ana na wa kwenye simu, hadi meseji na programu za simu zimo. Ila ukifika kwenye tiba asili na tiba mbadala unasema ushahidi uliopo hautoshi kupendekeza wala kukataza, basi, unapita. Wenye kliniki za sindano wakatoka mbio na habari kwamba WHO haijawakataa, wapinzani wao nao wakatoka na habari kwamba WHO imewatupa nje. Afu Mei 2025 mkutano mkuu wa afya duniani ukapitisha mkakati wa tiba asili wa 2025 hadi 2034, hapo ndo mambo yakakorogeka kabisa, manake sasa unakuta mtu anachukua mkakati ule, ambao unahimiza utafiti zaidi na usalama katika tiba asili kwa ujumla wake, anauweka juu ya sindano za kuacha sigara kana kwamba ni cheti.

Msimamo wangu nautoa mapema ili anayetaka kununa anune mapema. Sindano yenyewe, kile kichuma chembamba kinachoingia kwenye ngozi, hakijaonyesha kwamba kinamfanya mtu aache sigara na akae nje ya sigara, na kwa namna tafiti zinavyokwenda sioni kama kitakuja kuonyesha. Lakini hilo sio swali lenye uzito. Lenye uzito ni sindano imekaa mahali pa nini. Mvutaji anayechomwa sindano huku ana bandiko la nikotini begani na kuna mtu anamfuatilia kila wiki, huyo hajapoteza kitu na labda ameongeza kidogo. Mvutaji aliyeambiwa aachane na "makemikali", achomwe mara tatu tu yaishe, huyo amepokonywa jaribio zima la kuacha, na sio kila siku mtu anaamka ana moyo wa kuacha sigara. Mjadala wa inafanya kazi au haifanyi unawatia hawa watu wawili kwenye kapu moja, ndo maana miaka yote hauendi popote.

Tuanze na hoja inayopendwa kuliko zote, kwamba hii ni tiba ya maelfu ya miaka kwa hiyo ilishajithibitisha kitambo. Akupancha kwa ujumla ni ya kale sana, hilo hamna anayebisha. Ila ile ya kuacha sigara, ile ya sindano za sikioni unayoiona kwenye matangazo, ni ya juzi. Tumbaku yenyewe ni mmea wa Amerika, haikuwepo China mpaka mabaharia wa Ulaya walipoanza kuzunguka nayo dunia, kwa hiyo waganga wa kale wanaotajwa kila siku hawakuwahi hata kukutana na mvutaji. Ramani ya sikio inayotumika leo, ile inayolichora sikio kama mtoto aliyegeuka kichwa chini tumboni, imetoka kwa daktari Mfaransa, Paul Nogier wa Lyon, miaka ya 1950. Na habari ya sikio na uraibu ilianzia Hong Kong mwaka 1972, pale daktari wa upasuaji wa ubongo H. L. Wen alipokuwa anajaribu sindano za umeme kama ganzi kabla ya upasuaji, mgonjwa wake mmoja aliyekuwa mraibu wa kasumba akamwambia arosto imekata. Daktari hakuwa anaitafuta hiyo, ilimkuta tu, akaandika mwaka uliofuata.

Kutoka hapo ikavuka hadi New York, kwenye hospitali ya Lincoln kule South Bronx, na hii sehemu mimi naona ni nzuri kuliko hadithi yoyote ya wahenga. Wanaharakati wa Young Lords na Black Panthers waliibana hospitali ile mwaka 1970 mpaka ikafungua huduma ya waraibu wa heroini, manake mtaa ulikuwa unateketea na hamna aliyejali, na wengi wao hawakutaka watu wao watolewe kwenye heroini wafungwe kwenye methadoni, dawa inayotolewa badala ya heroini, maisha yao yote. Sindano za sikio zikawa njia yao, hazina dawa, hazihitaji daktari kila saa, unaweza kuwakalisha watu ishirini kwenye chumba kimoja. Ndo ikazaliwa ile itifaki ya pointi tano kila sikio, na mwaka 1985 kikaundwa chama cha kuisambaza, NADA. Sasa zingatia kitu kimoja ambacho matangazo hayakisemi: NADA wenyewe wanaiita tiba ya nyongeza, ya kukaa ndani ya programu yenye ushauri na kundi na ufuatiliaji, sio ya kusimama peke yake. Waliokuja baadaye wakaitoa heroini wakaweka sigara, wakaondoa kundi, wakaondoa ushauri, wakabakiza sindano na bei.

Niliwahi kumsindikiza rafiki yangu kwenye shughuli hii, nikakaa pembeni naangalia. Sikio linafutwa kwa pamba yenye spiriti, mtaalamu anakunja ukingo wa sikio kwa kidole gumba na cha shahada, anaangalia kama anayetafuta mwiba, afu tiki, ya kwanza imeingia, tiki, ya pili, zote tano hata dakika haijaisha. Baada ya hapo hamna kinachofanyika. Taa inapunguzwa, unakaa kama nusu saa umefumba macho, simu imezimwa, na hiyo nusu saa kwa mvutaji wa siku ya kwanza ni muda mrefu kweli kweli. Wakati wa kutoka anabandikiwa vimbegu vidogo sikioni kwa plasta, anaambiwa hamu ikija abonyeze. Nilichokiona mimi, na hapa nakiri ni jicho la mtu mmoja, ni kwamba kabla ya sindano yule mtaalamu alikaa naye muda mrefu akimuuliza unavuta ngapi, ya kwanza unaiwasha saa ngapi, ukigombana na mtu unafanyaje, nani mwingine nyumbani anavuta, utazitupa lini zilizobaki. Ukiondoa sindano, hayo maswali ni yale yale ambayo mshauri mzuri wa kuacha sigara popote duniani anauliza.

Hapo ndo tafiti zinapoingia. Mapitio makubwa yanayotegemewa ni ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaokusanya na kuchambua tafiti za tiba, ya mwaka 2014, yalikusanya tafiti 38 za akupancha na ndugu zake, yani kubonyeza pointi, miale ya leza na umeme. Walipolinganisha sindano halisi na sindano za danganya toto, wiki za mwanzo kulikuwa na dalili kwamba za halisi zimesaidia kidogo. Walipoangalia miezi sita na kuendelea, tofauti haikushika. Zilipolinganishwa na nikotini mbadala, sindano zikashindwa. Zilipolinganishwa na ushauri, hazikuonekana kuwa bora. Na wenyewe wakasema tafiti nyingi zilikuwa na mapungufu, kwa hiyo hakuna la uhakika la kusimamia. Kama wewe ni shabiki wa sindano utasema si umeona, wiki za mwanzo zinasaidia. Kama ni mpinzani utasema si umeona, miezi sita hamna kitu. Ila hayo mawili hayapingani hata kidogo, yote yanaweza kuwa kweli kwa pamoja, na ukielewa kwa nini, unaelewa karibu ishu nzima.

Kuacha sigara kuna vita mbili. Ya kwanza ni arosto: nikotini inapungua nusu mwilini kila baada ya kama saa mbili, ubongo uliozoea unaanza kudai, mtu anakuwa na hasira, hakai, halali, anakula kila kinachopita mbele yake, na hiyo hali inapanda siku chache za mwanzo, wiki ya kwanza ndo mbaya, afu inashuka, kwa wengi ndani ya wiki mbili hadi nne imepungua sana. Vita ya pili haina tarehe. Ni msiba, ni kugombana kazini, ni bia ya Ijumaa, ni yule jamaa anayekuja na pakiti anakwambia shika moja tu. Sasa ratiba ya sindano kwa kawaida imejaa wiki ya kwanza na ya pili. Inawezekana kabisa kukaa kimya nusu saa, umetulizwa, una kitu cha kubonyeza sikioni hamu ikikubana, kukampunguzia mtu makali ya vita ya kwanza. Lakini mwezi wa tatu hamna sindano, hamna mtu anayekupigia simu, kuna msiba. Anayerudi kwenye sigara mwezi wa tatu sindano ilimsaidia ama haikumsaidia, haijalishi tena, kwenye hesabu ya miezi sita amehesabiwa kama aliyeshindwa, na ni sawa ahesabiwe hivo manake mapafu hayajali ulijitahidi wiki ngapi.

Watetezi wa sindano wana hoja moja nzito ambayo wapinzani wengi wanaikwepa. Wanasema hivi, sindano ya danganya toto sio kitu kitupu. Kwenye utafiti wa kidonge unaweza kutengeneza kidonge cha unga, hakina kitu. Kwenye sindano unafanyaje? Ukimchoma mtu pointi isiyo yenyewe bado umemchoma, mishipa ya fahamu imesikia, na sikio lina tawi la mshipa wa vegasi unaohusika na mapigo ya moyo na utulivu wa mwili. Kwa hiyo unalinganisha sindano na sindano nyingine, afu unashangaa tofauti ni ndogo. Ugumu huo ni wa kweli, ndo maana mwaka 1998 watafiti wa Ujerumani walichapisha habari za sindano butu ambayo ncha yake inarudi ndani ya mpini, mgonjwa anahisi kidonyo na anaiona imefupika akadhani imeingia. Hoja naipokea. Lakini ifuate mpaka mwisho uone inakokupeleka. Kama ukichoma popote sikioni matokeo ni yale yale, basi ile ramani ya mtoto kichwa chini haina kazi, pointi ya mapafu haina uhusiano na mapafu, na ile miaka ya mafunzo ya kujua pa kuchoma ndo imekuwa pambo. Huwezi kudai kwamba pointi ni za kipekee wakati unauza huduma, afu ukadai kwamba pointi yoyote inafaa wakati unajitetea mbele ya utafiti. Chagua moja.

Na kwenye uraibu mwingine hili lilishapimwa vizuri kuliko kwenye sigara. Mwaka 2000 Marekani ulitoka utafiti wa watu 82 wenye uraibu wa kokeini, sindano za sikio zikaonekana zimeshinda, watu wakafurahi. Mwaka 2002 baadhi ya watafiti wale wale wakarudia na watu 620 sehemu mbalimbali za nchi, kundi moja sindano za NADA, kundi la pili sindano za pointi nyingine, kundi la tatu video za kutulia tu, na tofauti ikayeyuka. Utafiti mdogo kutoa matumaini na mkubwa kuyafuta sio jambo la ajabu, linatokea kwenye dawa pia. Tofauti ni kwamba dawa ikifika hapo huwa inaondolewa kwenye tangazo.

Kuna hoja ya pili, kwamba dawa zina kampuni tajiri nyuma yake za kulipia tafiti, sindano haina mwenyewe, kwa hiyo kutokuwa na ushahidi ni suala la pesa tu. Inasikika vizuri. Ila hapa sitisini inaiharibu. Sitisini ni dawa ya mmea, inatoka kwenye mbegu za mti unaoitwa labernamu, Bulgaria wanaiuza kama dawa ya kuacha sigara tangu miaka ya 1960, na kwa miongo mingi nchi za Magharibi hazikuwa na habari nayo, ni ya bei ndogo, hamna aliyeona faida ya kuihangaikia. Yani kama kuna dawa iliyokuwa na haki ya kulalamika kwamba imeonewa ni hiyo. Ilipopimwa kweli, Poland mwaka 2011, walioacha mwaka mzima walikuwa asilimia 8.4 dhidi ya 2.4 ya waliopewa kidonge kitupu. New Zealand mwaka 2014, kwa pesa za utafiti za umma na watu 1,310, ikaishinda hata nikotini mbadala, asilimia 22 kwa 15 baada ya miezi sita, japo kichefuchefu na shida ya usingizi vilikuwa vingi zaidi. Leo iko kwenye mwongozo wa WHO. Mlango kumbe haukufungwa kwa tiba za mimea wala za bei ndogo. Sitisini iliingia kwa sababu ilipopimwa matokeo yalibaki, sindano zimeshapimwa mara kibao na kila wakiongeza umakini matokeo yanapungua.

Sasa ile hoja dhaifu kuliko zote, na ndo unayoisikia sana: hata kama ni imani tu, ina madhara gani, si mtu ajaribu. Madhara ya sindano yenyewe kweli ni madogo, damu kidogo, kizunguzungu, mara chache gegedu la sikio linapata maambukizi hasa zikiachwa sikioni siku nyingi. Sibishi hapo. Madhara yapo kwenye muda. Richard Doll na wenzake waliwafuatilia madaktari wa Uingereza kwa miaka 50, wakachapisha mwaka 2004, na walichokikuta ni kwamba anayeacha akiwa na miaka 40 anarudishiwa kama miaka 9 ya maisha, anayeacha akiwa na 50 kama 6, wa 60 kama 3. Sasa piga hesabu ya mtu aliyejikusanya, akatoa pesa, akajaribu njia isiyo na nguvu, akashindwa, akakaa miaka kadhaa ndo ajaribu tena. Hakuna cheti cha kifo kitakachoandika akupancha, lakini miaka imeliwa.

Na kuna la pili ambalo huwa linanikera zaidi. Dawa ikishindwa tunasema dawa imeshindwa. Sindano ikishindwa mtu anaambiwa hukuwa na nia, hukuamini, ulikuja nusu nusu. Yani matibabu yasiyoweza kukosea, anayekosea ni mgonjwa tu siku zote. Mvutaji anatoka pale sio tu bado anavuta, ameongezewa na imani kwamba yeye ni dhaifu hatoweza, na huyo siku atakapopewa vareniklini atakwambia nimeshajaribu kila kitu, wakati alichojaribu ni kitu kimoja, na ndo kilichokuwa na nguvu ndogo.

Lakini nisiwaache salama wale wa upande wa pili, wanaosema ni utapeli mtupu, pigeni marufuku yaishe. Hawa wanafikiri mtu akizuiwa kwenda kwenye sindano atakwenda kwenye dawa. Wapi? WHO wenyewe walipoutoa mwongozo ule ule walisema kati ya watumiaji wa tumbaku bilioni 1.25 duniani, zaidi ya asilimia 60 wanataka kuacha, na asilimia 70 hawana huduma inayofaa ya kuwasaidia. Wengi wakienda hospitali wanaambiwa acha sigara, nukta, anaitwa mwingine. Anayejaribu kwa nguvu zake mwenyewe bila msaada wowote, watakaokuwa bado wameacha baada ya nusu mwaka hadi mwaka ni kama watatu hadi watano kati ya mia. Kisha angalia utafiti mkubwa wa EAGLES wa mwaka 2016, watu zaidi ya 8,000, ambao kila mtu pamoja na kidonge au bandiko lake alipata ushauri mfupi kila akija: walioacha kwa vareniklini ni asilimia 21.8, bupropioni 16.2, bandiko 15.7, na waliopewa kidonge kitupu 9.4. Vipimo vya muda havifanani moja kwa moja na hao wa watatu hadi watano, na wanaojiunga na utafiti huwa wana hamasa zaidi, najua, ila tazama hao wa kidonge kitupu. Hawakupewa dawa yoyote. Walichopata ni tarehe ya kuacha, mtu wa kuwauliza unaendeleaje, na sababu ya kurudi wiki ijayo. Kliniki nzuri ya sindano inatoa hivyo vyote, na inampa mtu nusu saa nzima ambayo hospitali nyingi haziwezi kuitoa. Kuifunga bila kuweka kitu mahali pake ni kuwapunguzia watu hata hicho kidogo.

Kwa hiyo tufanye nini. La kwanza ni matangazo. Unakuta bango limeandikwa asilimia 90 wanaacha, na huwa halisemi walihesabiwa lini, kwa kuulizwa tu au kwa kupimwa. Mtu aliyetoka kwenye kiti saa hizi ameacha, bila shaka, hata mimi ningekuwa nimeacha kwa saa hiyo. Kipimo kinachokubalika ni miezi sita na zaidi, na sio kwa maneno, mtu anapuliza kwenye kimashine kinachosoma kaboni monoksidi kwenye pumzi au anapimwa kotinini, ambayo ni mabaki ya nikotini, kwenye mate. Kimashine chenyewe kinashikwa mkononi. Kliniki inayodai asilimia 90 inunue, iwaite wateja wa miezi sita iliyopita, iwapulizishe, na wasioitika simu wahesabiwe kwamba wamerudi kuvuta kama watafiti wanavyofanya. Halafu kuna ile ripoti ya WHO ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 ambayo iliiweka tumbaku kwenye orodha ya mambo ambayo akupancha ilionyesha matokeo lakini uthibitisho zaidi unahitajika, bado inanukuliwa mpaka leo, na ile nusu ya pili ya sentensi huwa inakatwa. Uthibitisho zaidi ulitafutwa, ndo hayo mapitio ya 2014. Mamlaka za matangazo zina kazi hapo na sioni zikiifanya.

La pili linawahusu wataalamu wenyewe wa sindano, na nadhani wengi wao ni watu wa nia njema kuliko wanavyosemwa. Waache kuwaambia wateja wasitumie nikotini mbadala. Hakuna sababu ya kitabibu ya sindano kugombana na bandiko, na wazo kwamba nikotini ya bandiko ni sumu ile ile halina msingi, kinachoua kwenye sigara ni moshi, lami na monoksidi, nikotini kazi yake ni kukufunga usiondoke. Wajifunze na yale ambayo sindano haiwezi kukwambia. Mfano mmoja ambao hata madaktari wengi wanausahau: moshi wa sigara unalifanya ini livunje kafeini haraka, ukiacha sigara uvunjaji ule unapungua, kwa hiyo vikombe vile vile vya kahawa ulivyozoea vinakaa mwilini muda mrefu zaidi, unatetemeka, hulali, unadhani ni arosto na kumbe nusu yake ni kahawa. Apunguze kahawa mtu huyo kabla hujamwongeza sindano. Na kuna dawa za magonjwa ya akili zinazofuata njia hiyo hiyo, dozi inabidi iangaliwe na daktari mtu akiacha kuvuta, hilo mwenye kliniki asipolijua anaweza kumweka mgonjwa pabaya.

Wizara za afya nazo zisijifiche. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku, ulioanza kutumika mwaka 2005, kifungu chake cha 14 kinazitaka nchi zitoe huduma ya kuacha, na kuna kishawishi cha kuita tiba asili huduma, kuweka alama ya tiki kwenye ripoti, na kuokoa bajeti ya dawa. Nikotini mbadala imo kwenye orodha ya WHO ya dawa muhimu tangu 2009, vareniklini na bupropioni tangu 2021. Mkakati wa tiba asili haukuandikwa ili kuzibadilisha hizo kwa sindano, na nchi itakayoutumia hivo itakuwa imechagua yenyewe.

Kama una miadi ya sindano wiki ijayo, nenda, sitakuzuia. Ila kabla sikio halijafutwa muulize mtaalamu: siku ya tatu usiku hamu ikinikamata na kliniki imefungwa natumia nini, na mwezi wa tatu nani ananipigia. Akikwambia habari za bandiko na chingamu ya nikotini, au akakuelekeza kwa daktari ukaulize vareniklini, umepata mtu wa maana. Akikwambia rudi nikuongeze sindano, basi bandiko kwenye nchi nyingi linauzwa famasi bila cheti cha daktari, lipitie siku hiyo hiyo ukiwa njiani kurudi.